Linkin Park: uanze na albamu ipi, na je, kuwafuata uwanjani kunafaa?

Dada wa Mbale, umeuliza uanze na albamu ipi ya Linkin Park, bendi ya roki ya Marekani, na kama ni akili kuchanga pesa ya tiketi, ndege na viza ili ukawaone uwanjani nchi ya watu. Kabla hujajibiwa, ndugu yetu wa Arua akaingilia kwamba bila Chester Bennington, mwimbaji wao aliyefariki 2017, hiyo si Linkin Park tena, ni watu wanaokula jina tu. Nitawajibu wote wawili kwa mpigo, maana albamu utakazozipenda ndizo zitakazoamua kama uwanja utakufaa.

Mimi nimekulia kambi ya polisi Naguru. Linkin Park ilitufikia kwa CD za kuchoma kutoka Wandegeya, Hybrid Theory na Meteora zimebanwa kwenye diski moja, nyimbo hazina majina wala mpangilio. Ya kwanza ilitoka Oktoba 2000, ya pili Machi 2003, na hakuna inayofika dakika 40. Hakuna solo ndefu za gitaa wala utangulizi wa kukuchosha. Mike Shinoda anafoka beti za rap, Chester anapasua kiitikio, Joe Hahn anakwaruza santuri, wimbo umekwisha. Hata vijana wa kambini waliodai gitaa la kelele ni la wazungu waliikubali, na mwaka 2004 walipotoa Collision Course na Jay-Z, watu wa hip hop nao wakaacha ubishi.

Anza na Meteora. Hybrid Theory ina hasira zaidi, ila Meteora imepangwa kwa mkono uliotulia, na kila wimbo unakusukuma kwenye unaofuata. Ukizishiba hizo mbili ruka hadi Minutes to Midnight ya 2007, ambayo Shinoda aliitayarisha pamoja na Rick Rubin. Hapo kufoka kulipungua, gitaa likapewa nafasi ya kupumua, na mashabiki wengi wakanuna. Angalia vizuri, ndugu wa Arua: wengi wanaosema leo bendi imekufa walianza kuizika mwaka huo, Chester akiwa mzima na akiimba vizuri kuliko wakati wowote.

Halafu kuna A Thousand Suns ya 2010. Hii usiisikilize kwenye taksi ya kwenda mjini. Ni albamu ya hofu ya bomu la nyuklia, imeunganishwa mwanzo hadi mwisho, na ndani yake utasikia sauti ya Oppenheimer mwenyewe, mwanasayansi aliyeongoza utengenezaji wa bomu hilo, na ya Martin Luther King. Kwangu ndiyo kazi yao kubwa kuliko zote. Najua nitatukanwa. Living Things ya 2012 ni nzuri bila kushangaza, The Hunting Party ya 2014 ni ya wanaotaka makelele. One More Light ilitoka Mei 2017, Chester akafariki Julai 20 mwaka huohuo. Ni laini, ya redio kabisa, na siwezi kuipima kwa haki, kwa hiyo naiacha.

Sasa uwanjani. Novemba 2012 nilikuwa kibaruani Johannesburg, na Linkin Park wakapiga uwanja wa Soccer City, uleule uliochezewa fainali ya Kombe la Dunia 2010. Nilikaa jukwaa la juu, mbali. Jambo ambalo picha za mtandaoni hazikwambii ni kwamba sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Ukikaa mita 100 na zaidi kutoka jukwaani, unaona fimbo inapiga ngoma kwenye skrini halafu mlio unakufikia baadaye. Ongeza mwangwi wa zege upande wa pili, na ile mistari ya Shinoda ya haraka inageuka uji. Nyimbo za albamu mbili za kwanza ziliokolewa na watu. Uwanja mzima ulikuwa unaziimba, hukuhitaji kusikia spika. Lakini zilipoingia za 2007 na 2010, zenye nafasi kati ya mpigo na mpigo, uwanja uligeuka kuwa sehemu ya ala. Ndiyo maana nakwambia dada, usiende ukiwa unaijua Hybrid Theory peke yake. Utaondoka ukilalamikia sauti.

Ukinunua, usifuate mbele kabisa wala bei ya chini kabisa. Tafuta mahali karibu na meza ya fundi sauti, kwa kawaida iko katikati ya uwanja ikitazama jukwaa. Yeye anachanganya kwa kile anachosikia masikioni mwake, nawe utakisikia hichohicho. Na upepo ukivuma, kaa mbali na vyuma vya matangazo. Siku tatu kabla ya onyesho letu, nje ya uwanja wa Cape Town, mnara wa matangazo ulianguka kwa upepo na mwanamke mmoja akafa kabla hata bendi haijapanda jukwaani.

Kuhusu Emily Armstrong, mwimbaji mpya aliyeshika nafasi ya Chester. Sisi Waganda tuna bendi ya Afrigo. Imeanzishwa 1975, Moses Matovu bado anapuliza saksofoni, na waimbaji wangapi wamepita pale? Rachael Magoola alipoimba, kuna aliyesema hiyo si Afrigo? Linkin Park wamebaki na Shinoda, Hahn na mpiga besi Farrell. Brad Delson bado ni wao ila ziarani gitaa lake linapigwa na Alex Feder, na Rob Bourdon hakurudi, dramu anazo Colin Brittain. Huo ni mfupa wa kutosha. Emily hamwigi Chester, na From Zero ya Novemba 2024 inakwenda haraka, dakika 30 na ushei, kama zile za mwanzo. Kwenye nyimbo mpya nampa alama zote. Kwenye za zamani kuna mahali namkumbuka yule mwingine, siwezi kudanganya.

Tuliwaona wakitumbuiza Munich kabla ya fainali ya Ligi ya Mabingwa 2025. Kibandani kwetu watu walikuja kwa ajili ya PSG na Inter, lakini banange, vilipoanza viitikio vya zamani hata mwenye kibanda aliacha kukusanya pesa. Mechi yenyewe ikaisha 5-0, onyesho ndilo lilikuwa na ushindani.

Kusubiri waje Namboole, uwanja wetu wa taifa, sikushauri. Ziara ya viwanja husafirishwa kwa malori mengi yanayohamisha jukwaa kutoka mji hadi mji jirani, na bara letu bendi kubwa za roki zikija huishia Afrika Kusini. Huko angalau Uganda Airlines inatoka Entebbe moja kwa moja. Ulaya itakutaka taarifa za benki, barua ya mwajiri na miadi ya ubalozini, na tiketi za tamasha hazikungoji. Nunua pale tu ambapo tovuti rasmi ya bendi inakuelekeza, na uhakikishe tiketi inaweza kuuzwa tena kihalali viza ikikataliwa. Jamaa yangu alimwamini wakala wa mtaani, akapewa karatasi nzuri yenye rangi ambayo mashine ya mlangoni haikuitambua.

Na ununue vizibo vya masikio mapema. Vile vya povu vya dukani vinatosha.