Bulstrode wa Middlemarch: je, ni mnafiki tu?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Kwenye insha yangu kuhusu riwaya ya Middlemarch ya George Eliot nimemweka Bulstrode, yule mwenye benki, kundi la wahusika bapa, yaani wa sura moja tu: mnafiki anayesali huku ameficha madhambi. Msimamizi amenirudishia akisema nisome tena. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba. Umekosea kwenye ubapa. Mnafiki wa kawaida anajua kwamba anadanganya watu. Bulstrode hujidanganya yeye kwanza, na katika sura ya 61 msimulizi mwenyewe anakataa kumweka kundi moja na wanafiki wa kawaida. Utajiri wake ulianzia London, katika biashara ya rehani isiyouliza mali imetoka wapi. Akamwoa mjane wa mwenye biashara, akaficha kwamba binti aliyepotea wa mjane huyo ameonekana, akamlipa Raffles, aliyeijua siri hiyo, anyamaze. Kila hatua alijipa hoja: fedha hizi zikiwa kwangu zitamtumikia Mungu. Na kweli hospitali mpya imesimama kwa fedha zake! Imani yake si ya kuigiza. Ndiyo inayompa ruhusa.

Sasa soma sura ya 70 polepole. Raffles, ambaye amekuwa akimkamua fedha, anaugua Stone Court, nyumba ya Bulstrode. Daktari Lydgate ameagiza asipewe pombe, na afyuni ikome baada ya kiasi fulani. Bulstrode anamkabidhi mgonjwa mtunza nyumba bila kumwambia lini afyuni ikome. Anakumbuka, anapanda ngazi na mshumaa mkononi, anasimama ukumbini akimsikia mgonjwa akigumia, kisha anaingia chumbani kwake. Mtunza nyumba anagonga mlango kumwombea mgonjwa brandi. Bulstrode kimya. Mtunza nyumba anaposisitiza, Bulstrode anampa ufunguo wa kabati la mvinyo. Alfajiri anasali kwanza, halafu anaificha chupa ya dawa na kuirudisha brandi kabatini.

Raffles anafariki. Je, Bulstrode ameua? Usikimbilie jibu, maana Eliot amelizuia kwa makusudi: karibu kila tendo la usiku ule ni la kuacha kufanya. Uwili wa mhusika huyu umo katika muda kati ya kukumbuka na kunyamaza, na msimulizi anatuingiza humo hadi tunazisikia hoja zake zikikaribia kutushawishi.

Kwa kuwa ni mhusika msaidizi, onyesha pia anachomfanyia Lydgate. Alimpa daktari huyo pauni 1,000 wakati Raffles akiwa bado kitandani, na mji mzima ukaiita hongo. Ningekuwa wewe, ibada zake ningezitaja kwa aya moja tu, nafasi iliyobaki nikaupa ule ufunguo.