Kwa binti wa kaka yangu, kuhusu kazi ya televisheni ya watoto huku Uingereza

Mwanangu,

Assalamu alaikum. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Umeniuliza kama kazi hii ya kutangaza vipindi vya watoto, kuigiza na kuongoza inaweza kumlisha mtu huku, umeniuliza niliipataje, na mwishoni, kwa sauti ya chini, umeniuliza kama naweza kukuvuta. Najua wenzako wa kikundi cha maigizo hapo Bombo, Uganda, nao wanasubiri jibu, kwa hiyo naandika kwa urefu ili uwasomee.

Naanza na lile ambalo wengi wetu tulio huku hulificha. Mlango wangu wa kuingia Uingereza haukufunguliwa na kipaji. Nilikuja mwaka 2004 nikiwa mke wa muuguzi aliyeajiriwa na hospitali moja ya huku, na kibali chake ndicho kilichoniruhusu kufanya kazi yoyote niliyoipata. Masomo yangu ya muziki, ngoma na maigizo pale Makerere, pamoja na miaka minne ya kuwaigizia watoto wa shule katika Jumba la Maigizo la Taifa mjini Kampala, hayakuulizwa na mtu yeyote uwanja wa ndege. Siku hizi njia imezidi kuwa nyembamba. Viza ya muda ya wasanii inadai mwajiri wa huku mwenye leseni ya kukudhamini, na ile ya watu wenye vipaji vya pekee, iliyoanza mwaka 2020, humtaka mtu wa filamu na televisheni awe tayari ana tuzo au uteuzi unaotambulika. Msichana mwenye kipaji ambaye bado hajulikani hana nafasi humo. Mtu akikuahidi viza ya uigizaji kwa shilingi milioni kadhaa, mwambie baba yako kabla hujampa hata senti moja.

Mnapenda kunitajia mwigizaji Daniel Kaluuya, nami ninajivunia kama ninyi kwamba kijana mwenye wazazi Waganda alipata Oscar mwaka 2021. Lakini yeye amezaliwa na kukulia London, na alikuwa na umri wa miaka tisa tu alipoandika mchezo wake wa kwanza, ukachezwa katika jumba la maigizo la Hampstead. Arnold Oceng, aliyezaliwa Uganda, aliletwa London akiwa mdogo sana, na bado akiwa kijana alikuwa akionekana katika Grange Hill, tamthilia ya BBC iliyohusu maisha ya wanafunzi. Hao walilelewa ndani ya nyumba ambayo sisi tunabisha hodi tukiwa watu wazima. Silisemi hili ili nikuvunje moyo, ila usije ukajipima kwa kipimo kisicho chako.

Miaka mitano ya kwanza nilihudumia wazee katika makao yao, zamu za usiku. Nilikuwa nikitoka kazini saa moja asubuhi, nanawa uso katika choo cha stesheni, kisha napanda treni kwenda kwenye usaili wa waigizaji. Nafasi nilizopewa zilikuwa zilezile: mama mkimbizi anayelia, mfanyakazi wa usafi asiye na jina, mgonjwa katika kitanda cha pili. Msaili mmoja aliniambia wazi kwamba lafudhi yangu ni nzito mno kwa watazamaji wake. Siku hiyo nilirudi nyumbani nikafanya mazoezi ya kusema kama wao mbele ya kioo, mpaka mwanangu wa kwanza, aliyekuwa na miaka mitatu, akaniuliza kwa nini ninaongea kama mtu mwingine. Niliacha hapohapo.

Aliyenitoa humo ni mtoto mwingine kabisa. Nilipata kazi katika kikundi kidogo kinachozungukia shule za msingi, na katika ukumbi wa shule moja ya Bolton msichana wa miaka minne aliinua mkono akauliza mbona nasema hivyo. Nikamjibu kwamba kwetu ndivyo tunavyosema, kisha nikawafundisha wote kutamka neno simba. Walitamka, wakanguruma, wakataka hadithi iendelee. Watu wazima walikuwa wamenishikia lafudhi hiyo kwa miaka mitano. Watoto iliwachukua dakika moja kuizoea. Mtayarishaji wa kituo kidogo cha watoto alikuwa amekaa nyuma ya ukumbi, na baada ya wiki mbili akanipigia simu. Ndivyo nilivyoanza kutangaza.

Usidhani kwamba mimi ndiye niliyefungua njia. Floella Benjamin alizaliwa Trinidad mwaka 1949, akaletwa Uingereza akiwa na miaka kumi, akaigiza katika majukwaa ya London, na mwaka 1976 akaingia katika Play School, kipindi cha BBC cha watoto wasioanza shule kilichoanza mwaka 1964. Amesimulia mwenyewe jinsi alivyokuta michoro ya hadithi haina mtoto hata mmoja mweusi, akaomba ibadilishwe. Baadaye alianzisha kampuni yake ya kutengeneza vipindi, na tangu mwaka 2010 anakaa katika Bunge la Malordi, ambako ameendelea kuzitetea haki za watoto na televisheni yao. Maisha ya mwanamke huyo yamenifundisha kwamba mtangazaji wa watoto anaweza kukaa mbele ya kamera kwa muda, kisha akahamia mahali ambako maamuzi hufanywa, na ndiyo maana nilitaka kuongoza. Namkumbuka pia Cerrie Burnell, ambaye alizaliwa bila sehemu ya chini ya mkono wake wa kulia. Alipoanza kutangaza CBeebies, kituo cha BBC cha watoto wadogo, mwaka 2009, baadhi ya wazazi walilalamika kwamba angewatisha watoto wao. Aliendelea na kazi kwa miaka kadhaa, na watoto waliuliza maswali yao wakajibiwa.

Kuhusu ufundi wenyewe, naomba uniamini kwamba ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana kwenye simu yako. Sheria ya kwanza niliyofundishwa ni kuzungumza na mtoto mmoja. Hakuna kusema "watoto wote hamjambo," kwa sababu anayetazama yuko peke yake kwenye zulia, pengine mama yake anapika. Unaitazama lenzi kana kwamba ni uso wake, unamuuliza swali, kisha unanyamaza muda wa kutosha ajibu, na ukimya huo ndio unaowashinda waigizaji wengi wazuri, kwa kuwa jukwaani ukimya huogopesha. Wakati huohuo una kifaa sikioni, na humo mwongozaji anakuhesabia sekunde, anamwambia mpiga picha asogee, anakuonya kwamba mdoli ameanguka nyuma yako, wala usoni mwako pasionekane kwamba umesikia chochote. Nilijifunza pia ishara za Makaton, ambazo watoto wenye ugumu wa kusema hutumia pamoja na maneno, kwa kuwa vipindi vingi vya wadogo huku huzihitaji.

Nilipohamia kiti cha mwongozaji, mwaka 2014, niligundua kwamba saa za mtoto ndizo zinazopanga siku nzima. Katika England, mtoto anayeigiza anahitaji leseni kutoka halmashauri ya anakoishi, na maombi yanatakiwa yafike siku 21 kabla. Aliye chini ya miaka mitano haruhusiwi kukaa mahali pa kazi zaidi ya saa 5, wala kuigiza zaidi ya saa 2 kati ya hizo. Wa miaka mitano hadi minane huruhusiwa saa 8. Wa miaka tisa na zaidi saa 9 na nusu. Kuna mlezi aliyesajiliwa anayewaangalia, na mlezi huyo akisema mtoto amechoka, kamera huzimwa hata kama jua linazama na picha ya mwisho haijapatikana. Mwanzoni nilikereka. Kisha nikakumbuka tulivyokuwa tukiwafanyisha watoto mazoezi ya mashindano ya shule mpaka usiku, wakiwa na njaa, na sisi tukiita hiyo bidii. Niliona haya, na ninakuomba wewe na wenzako msiwafanyie hivyo wale watoto mnaowafundisha.

Sasa fedha. Karibu sisi sote tunafanya kazi kwa mikataba: wiki sita hapa, miezi mitatu pale, kisha simu inakaa kimya. Wakala huchukua sehemu yake, kodi unajihesabia mwenyewe na kuwasilisha kabla ya tarehe 31 Januari, na siku ambayo hujafanya kazi hakuna anayekulipa. Kazi zenyewe zimepungua. Mwaka 2007 Ofcom, mamlaka inayosimamia utangazaji huku, ilipoanza kuzuia matangazo ya vyakula visivyofaa karibu na vipindi vya watoto, jambo ambalo kama mama naliunga mkono, vituo vya biashara vilipoteza mapato hayo, vikaacha kuagiza vipindi vingi vipya. Mfuko wa umma uliowekwa mwaka 2019 kuziba pengo hilo ulifungwa 2022, na watoto nao wamehamia kwenye video za intaneti. Katika miaka yangu yote nimekuwa na miwili tu ambayo sikuhitaji zamu za makao ya wazee. Mliponiona kwenye skrini mkaniletea orodha ya karo, mabati na harusi, nilituma nilichoweza, mara nyingine kwa kukopa, nikaona aibu kuwaambia. Nawaambia leo.

Nyanya yako alifariki nikiwa katikati ya kurekodi. Kibali changu cha ukaazi kilikuwa kinashughulikiwa, pasipoti ilikuwa ofisini kwao, nami nikayafuata mazishi kwa simu iliyokatikakatika. Siku ya tatu nilisimama studio nikaimba wimbo wa kunawa mikono na kutabasamu, kwa kuwa mkataba haukuwa na siku za msiba kwa mtu kama mimi. Kipindi hicho bado hurushwa tena. Sijawahi kukitazama.

Basi, kuhusu kukuvuta: siwezi, na sitakudanganya kwamba kuna siku nitaweza. Nisingekwambia hivi kama nisingeona kazi iliyopo hapo ulipo. Takriban nusu ya Waganda ni watoto. Baraza la mawaziri liliidhinisha mwaka 2022 Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni, lakini mtoto wa Bombo, wa Arua au wa Kisenyi atakisikia wapi kwa sauti ya mtu anayefanana na dada yake? Wenzetu wa Dar es Salaam walianza Ubongo Kids mwaka 2014 kwa kuchora katuni za hesabu na sayansi, nazo zikavuka mipaka ya nchi yao. Wewe unakijua Kiswahili, Kinubi na Kiganda, una wenzako sita, na mna simu inayopiga picha safi.

Nirekodie dakika tano. Kaa barazani kwa nyanya asubuhi, kabla pikipiki hazijaanza kelele, simu iwe kwenye kimo cha macho ya mtoto, umsimulie mtoto mmoja hadithi ya sungura na fisi kama nyanya alivyotusimulia, na ukimuuliza swali unyamaze mpaka ajibu. Usiweke muziki. Ukinitumia Ijumaa, Jumamosi usiku sina zamu. Nitaitazama yote na kukuandikia maoni yangu, sekunde kwa sekunde, kama ninavyowafanyia watangazaji ninaowaongoza huku.

Shangazi yako