Jibu: Game Boy ya mjomba haiwaki, na hewa ya bahari je?

Ndugu wa Langoni, nimekupata. Umeachiwa na mjomba ile Game Boy ya kijivu ya 1989, ile mashine ya michezo ya mkononi ya Nintendo, haiwaki, ndani kwenye mawe (betri) kuna unga mweupe na kutu ya kijani, na wataka kukusanya zingine ila waogopa hewa ya Lamu itazila zote.

Usiitupe wallahi! Hayo ni mawe yamevuja tu. Vaa glavu maana ule unga unachoma ngozi, yatoe, chovya pamba ya masikio kwenye siki kidogo, sugua vile vibati mpaka unga uishe halafu pangusa na spiriti, iache ikauke usiku kucha ndo utie mawe mapya manne ya AA. Kama bado, ifungue kwa bisbisi ya ncha tatu, ya kawaida itaharibu skrubu. Ukikuta kutu imepanda mpaka kwenye bodi mpe fundi anayejua kulehemu, usibahatishe.

Kuhusu chumvi, kopo la plastiki la kubana na vile vipakti vya silika vya kwenye viatu vyatosha, mbali na dirisha la baharini, na mawe usiyaache ndani hata siku moja.

Kwa hizo zingine za kukusanya, Game Gear, mashine ya mkononi ya Sega, ni nzuri sana ila kapasita zake (vile vidude vya kuhifadhi umeme kwenye bodi) huvuja, sauti inafifia, skrini inakuwa hafifu, kwa hiyo hesabu pesa ya fundi kabla hujalipa. Na kaseti feki za Pokémon, ule mchezo wa Game Boy, ni nyingi mno, na feki nayo huwaka, kwa hiyo mwambie muuzaji akupigie picha ya bodi ya ndani.