Mkojo una damu? Basi BCG isiingie kesho

Ndugu, acha kwanza hiyo safari. Umeandika mzee wako huko Arua anakojoa damu tangu juzi, kesho ana dozi ya tatu ya BCG, dawa ya kansa ya kibofu, Kampala, unauliza mtalala wapi karibu na hospitali ya Mulago na ale nini, na kliniki imewaambia mje tu kwa sababu dawa mshalipia. Hapana! Maneno hayo hayo ndiyo aliyoambiwa mzee wangu na tulibaki kidogo tumzike.

BCG ni vijidudu hai, jamii ya TB iliyopunguzwa makali, ile wanayochomwa watoto wakizaliwa, ila ya kibofuni ni nyingi zaidi ya ile sindano. Kazi yake kuamsha kinga ipigane na kansa humo ndani. Kibofu kikiwa hakina jeraha, mgonjwa anaishikilia kama saa mbili halafu anaikojoa. Kukiwa na jeraha, au mpira wa kuingizia dawa kibofuni umekwaruza njia ya mkojo, inaweza kupita moja kwa moja kwenye damu.

Mzee wangu siku ile mpira uligoma, tezi dume yake ni kubwa, wakasukuma wakasukuma mpaka damu ikatoka sote tunaiona. Nikauliza, si tuahirishe? Musawo, yule mhudumu wa kliniki, akajibu dawa imeshachanganywa, ikipita saa mbili ni ya kumwaga na sente hairudi. Akaiingiza! Mtu mzima, kasoma, anaona damu kwenye mpira anahesabu bei ya chupa. Hasira haijaniisha mpaka leo na sitaki iishe.

Usiku mzee akaanza kutetemeka, asubuhi hajui yuko wapi, tukamkimbiza kituo cha karibu, na huku kwetu unajua homa ni malaria kwanza, wakamtundikia dripu na kila siku anazidi kuzama, mpaka tulipompeleka hospitali kubwa daktari mmoja kijana akauliza huyu mzee anatibiwa nini kingine, tukasema BCG, akabadilika uso. Akaanzishiwa dawa za TB: isoniazidi, rifampisini, ethambutoli. Pirazinamidi hakupewa maana kijidudu hiki hakisikii hiyo. Akameza vidonge miezi na miezi, na BCG yenyewe ndiyo ikawa basi kwake, dawa iliyokuwa inamzuilia kansa isirudi.

Kwa hiyo shika hili moja, DAWA ISICHANGANYWE MPAKA MPIRA UMEINGIA NA MKOJO UMEONEKANA. Mpira kwanza, wote mtazame rangi, ndipo chupa ifunguliwe. Mkiona damu, chupa haijafunguliwa, inarudi friji, mgonjwa anapumzika wiki moja au mbili na hakuna aliyepoteza kitu. Haihitaji mashine wala mfadhili, ni kugeuza tu nini kinaanza, na kliniki inayokataa kugeuza inalinda mfuko wake. Na kwa nyinyi wa mbali mkojo upimwe siku moja mbili kabla, hapo hapo Arua, ikiwepo infeksheni itibiwe kwanza, mzee asivuke daraja la Karuma usiku kucha kwenye basi aje kurudishwa mlangoni. Kusogeza dozi wiki moja hakumharibii matibabu, kuiingiza penye damu ndiko kunaua.

Baada ya dozi akiungua akikojoa au akawa na kahoma kwa siku moja hivi, hiyo ya kawaida. Homa ikipita nyuzi 38.5 au akitetemeka, hospitali hapo hapo, na neno la kwanza mlangoni liwe BCG, kabla hawajamtoboa kidole kupima malaria.

Leo jioni mpigie daktari wa mkojo mwenyewe, si wa mapokezi, mwambie kuna damu. Kama mmeshapanda basi, mkifika ulizeni kabla mzee hajalala kitandani: mmeshachanganya? Wakisema ndiyo na mkojo bado mwekundu, mshike mkono mzee mtoke. Sente ya hiyo chupa tutachanga hapa hapa, mimi naanza.