Amplifaya kujizima kwa joto, hata kwenye baridi ya Mafinga

Ndugu wa Mafinga, umeuliza kwa nini amplifaya yako hujizima muziki ukikolea, ilhali baridi ya huko mwezi Juni ni ya kuvaa koti mchana. Baridi ya nje haisaidii kitu ikiwa chombo kimefungiwa ndani ya kabati la televisheni na kufunikwa kitambaa, kama ulivyoeleza, kwa sababu hewa iliyokwisha kupata moto hukosa pa kutokea. Itoe leo hii, uiachie nafasi ya sentimita 10 hivi juu na pembeni.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni zile spika mbili za omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) ulizounganisha sambamba upande wa kushoto: hapo amplifaya huona omu 4, mkondo wa umeme huongezeka takriban maradufu, na transista (vipuri vinavyokuza sauti) za upande huo hubeba joto lote. Zichomoe, kisha soma kiwango cha omu kilichoandikwa nyuma ya amplifaya kabla ya kuzirudisha.

Vumbi nalo huziba mapezi ya aluminiamu yanayotoa joto nje. Chomoa waya ukutani, kisha ulitoe kwa brashi kavu kupitia matundu, bila kufungua kifuniko, maana kapasita (vipuri vinavyohifadhi umeme) hubaki na umeme. Ikiendelea kupata moto hata pasipo muziki, mpelekee fundi.