Muulize Fundi: Mashine kuukuu ya kufyekea malisho

SWALI: Nimeonyeshwa mashine kuukuu ya kufyekea, ile ya kufungwa nyuma ya trekta yenye vinyundo vinavyoning'inia kwenye rota, yaani mhimili unaozunguka. Imepakwa rangi mpya. Nikague nini? – Mama mfugaji, Ol Kalou

JIBU: Mama, rangi mpya ndiyo inayonitia wasiwasi. Zima trekta, weka magogo imara chini ya mashine, kisha ishike rota uinyanyue. Ikicheza, beringi zimekwisha. Angalia pia vinyundo: kimoja kikikosekana, au kipya kikiwa katikati ya vilivyolika, rota hukosa uwiano, mashine nzima ikatetemeka na kuzimaliza hata beringi mpya. Kwa hiyo ukibadilisha kinyundo, badilisha na mwenzake wa upande wa pili.

Iwashwe mbele yako, shafti inayoiendesha kutoka kwenye trekta ifike mizunguko 540 kwa dakika. Simama mbali, hurusha mawe. Muuzaji akikataa, nenda zako.

Ukiinunua, tia grisi kila siku ya kazi na ukate kamba zilizojiviringa kwenye ncha za rota, maana hizo huharibu sili, vile vizuizi vya kulinda beringi. Oili ya giaboksi usiisahau.

Lakini kama unataka nyasi za marobota, tafuta nyingine. Hii husaga, yafaa kwa magugu na nyasi ngumu zilizosuswa na ng'ombe.