Wasomaji Wanauliza: Taa za Sola za Krismasi

Swali: Nataka kupamba mti ulio uwanjani na baraza kwa taa za sola Krismasi hii. Nimeona kamba za taa 100 na za taa 200, na bei hazipishani sana. Nichukue zipi?

Jibu: Idadi ya taa isikuvute kwanza. Geuza boksi, utafute ukubwa wa betri na nguvu ya paneli. Kamba nyingi za mapambo hutumia betri moja ya kuchaji ya volti 1.2. Ya mAh 600 (miliampea-saa, kipimo cha ukubwa wa betri) hubeba wati-saa 0.72, na ya mAh 2000 hubeba 2.4. Kamba inayokula wati 0.2 itawaka saa tatu na nusu kwa ile ndogo na saa 12 kwa ile kubwa, na kwa kweli pungufu ya hapo, maana umeme mwingine hupotea njiani.

Lakini betri kubwa yataka paneli ya kuijaza. Paneli inayotoa miliampea 100 kwenye jua kali, ikipata saa tano za jua hilo, huingiza mAh 500 hivi. Betri ya 2000 haitajaa kwa siku moja hata kidogo. Boksi lisilotaja mAh liache hapo hapo.

Kwa mahali panaponyesha chukua zenye alama ya IP65, inayoonyesha kinga dhidi ya vumbi na maji. IP44 huhimili matone na michirizi tu, basi hiyo iwekwe barazani. Waya mwembamba wa shaba hupakwa rangi ya kuhami tu, na ukisugua geti la chuma au gome kavu rangi hiyo hubanduka. Mtini funga waya wenye ganda la plastiki. Pima pia umbali wa kutoka paneli hadi taa ya kwanza. Mara nyingi ni mita mbili tu, na huenda jua halifiki hapo unapotaka kupamba.

Swali: Zangu huwaka saa mbili kisha zinafifia. Paneli nimeiweka chini ya ukingo wa paa isinyeshewe.

Jibu: Itoe hapo leo hii. Paneli imetengenezwa kunyeshewa. Kinachoiumiza ni kivuli. Vipande vyake vimeungwa kwa mfululizo, hivyo kivuli cha tawi kwenye kipande kimoja hupunguza umeme wa vyote. Kaskazini ya ikweta ielekeze kusini, kusini ya ikweta ielekeze kaskazini. Karibu na ikweta ilaze, ukiiinamisha kidogo ili mvua ioshe vumbi. Walio mbali kaskazini, ambako jua la Desemba liko chini na mchana ni mfupi, waisimamishe zaidi, na ni heri wanunue zenye tundu la USB pia.

Angalia na swichi. Kwenye kamba nyingi, ukiizima betri haichaji. Iwashe, uache paneli juani siku nzima au mbili kabla ya kutundika taa.

Swali: Mchana nikiifunika paneli kwa kiganja taa zinawaka, ila usiku haziwaki kabisa. Zimeharibika?

Jibu: Nzima kabisa. Paneli ndiyo inayotambua giza, na yako bila shaka inamulikwa na taa ya ulinzi au ya barabarani. Igeuze au ihamishe.

Swali: Betri imechoka. Naweza kuweka zile za kawaida za redio?

Jibu: Hapana. Betri isiyo ya kuchaji ikilazimishwa kuchaji huvuja, na maji yake hula springi na bodi. Weka ya kuchaji iliyoandikwa Ni-MH ya volti 1.2 kama ya zamani ndivyo ilivyokuwa. Ya lithiamu ya volti 3.2 inalingana umbo na ya 1.2 lakini haichukui nafasi yake. Springi ikiwa na ukungu wa kijani, ikwangue kwa kitambaa kikavu au msasa laini kabla ya kuweka betri mpya.

Sikukuu zikiisha, chaji betri ijae, zima swichi, itoe, uiweke pakavu pasipo joto.